Vumbi la Viungo na Vifua vya Watu Wetu



Katika sherehe kama hii ada ni kuhesabu magunia. Walionitangulia wamekwisha kuyahesabu. Naomba ruhusa yenu niseme juu ya kitu kisichopimwa mizanini, yaani vumbi libakilo hewani baada ya mdalasini, pilipili manga au manjano kupita katika mashine yetu.

Mkulima aletaye mazao kiwandani hupiga chafya mbili tatu, akacheka, akaenda zake. Mfanyakazi haendi zake. Kutwa nzima yumo humo. Chembe kubwa hunaswa puani na kooni, na chafya huzitoa. Lakini chembe zilizo chini ya mikroni 10 huweza kupita, na zilizo ndogo zaidi hufika ndani kabisa ya mapafu. Unywele wa mtu una unene wa mikroni 70 hivi. Kwa hiyo vumbi la kuogopwa zaidi ndilo lile jicho lisiloliona, na chumba kinachoonekana safi chaweza kuwa kimejaa.

Mwaka 1984 Daktari C. G. Uragoda wa Sri Lanka alichapisha matokeo ya kuwachunguza wafanyakazi 40 wa mdalasini. Tisa kati yao walikuwa na pumu, na nusu walikuwa na muwasho wa ngozi. Mdalasini ule ni ndugu wa huu tunaoubambua mashambani mwetu.

Pumu ya kazini ina tabia yake. Hutulia siku ya mapumziko, ikarudi mtu arudipo kazini; pengine humwamsha usiku, hata yeye mwenyewe asidhani kwamba mashine ndiyo sababu. Basi msimamizi wa zamu amwulize kila mtu wake swali moja: Jumapili ulilalaje? Na yule ajibuye kwamba alilala vema siku hiyo tu, apelekwe kwa daktari kabla kifua hakijaharibika, wala asiogope kwamba kusema kweli kutamnyima kazi yake.

Wengi hudhani kitambaa cha puani kinatosha. Hakitoshi, chembe ndogo hupenya katika nyuzi zake. Barakoa maalumu za kuzuia vumbi husaidia, nazo ziwepo, lakini ni ngao ya mwisho. La kwanza ni kuifunika mashine ya kusaga na kuiwekea feni ya kulivuta vumbi pale pale litokapo. La pili ni kuacha kufagia kwa ufagio mkavu na kukung'uta magunia ndani, jambo ambalo, niseme kweli, hata sisi wajumbe tumelitazama miaka yote kumi bila kulikataza. Nanyi wakulima mna sehemu yenu: mazao yaanikwe juu ya mikeka au vichanja, si juu ya udongo, na yakauke barabara yasiote ukungu, maana mchanga na ukungu navyo husagwa vikavutwa.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awalinde watu wake. Mwajiri hapa ni sisi wenyewe. Katika mkutano mkuu ujao mtaletewa hoja ya matumizi ya ziada ya mwaka huu. Nitaomba feni ya kuvuta vumbi inunuliwe kwanza, kabla ya rangi mpya ya ofisi na kabla ya malipo ya pili. Najua ombi hilo litawagusa mifukoni, nami pia ni mkulima ninayeyangoja malipo hayo.