Kazi Hukabidhiwa, Dhamana Haikabidhiwi: Kanuni za Wakandarasi katika Bandari za Feri

Mazungumzo ya leo yanawahusu watu ambao abiria wa feri huwaona kwa nadra na huwakumbuka kwa nadra zaidi. Hao ni mafundi wa kuchomelea vyuma, mafundi umeme, wapaka rangi, wazamiaji, wasafishaji wa matangi na wajenzi wa madaraja ya kupandia chombo. Si waajiriwa wa bandari wala si mabaharia wa meli. Huletwa na mkandarasi kwa kazi maalum, na kazi ikimalizika huondoka. Ni kazi ambazo wahamiaji wengi ughaibuni huanzia maisha, na ndiyo maana habari zake hazina budi kuwafikia wasemaji wa Kiswahili.

Swali lililo mbele ya mazungumzo haya ni moja. Mkandarasi anapoingia bandarini na kuanza kazi, dhamana ya maisha ya watu iko mikononi mwa nani? Je, ni ya mwenye bandari aliyemwita, ya mkandarasi aliyekubali kazi, au ya mkaguzi aliyetia sahihi kwamba kazi ni njema? Kwa muda mrefu kila mmoja aliweza kumnyooshea mwenzake kidole. Jibu lilipatikana kwa gharama kubwa katika mji wa Ramsgate, kusini-mashariki mwa Uingereza.

Usiku wa kuamkia tarehe 14 Septemba mwaka 1994, abiria waendao kwa miguu walikuwa wakipita katika daraja la juu la bandari ya Ramsgate ili kupanda feri ya Prins Filip, iliyokuwa ikielekea Ostend, nchini Ubelgiji. Daraja hilo lilikuwa jipya, kwani lilikuwa limetumika kwa takriban miezi minne tu. Upande mmoja liliegemea nchi kavu, na upande wa pili liliegemea jukwaa la chuma linaloelea, ili lipande na kushuka pamoja na maji kujaa na kupwa. Ghafla sehemu moja ya daraja ilichomoka mahali iliposhikizwa, ikaanguka takriban mita 10. Watu 6 walipoteza maisha na wengine 7 walijeruhiwa vibaya.

Wachunguzi walipochambua mabaki, walibaini kwamba daraja halikuangushwa na dhoruba wala na wingi wa watu. Kosa lilikuwamo ndani ya usanifu wenyewe. Kitu kinachoelea hakipandi na kushuka tu, bali huyumba pia upande huu na upande ule, na wasanifu hawakulipa jambo hilo uzito uliostahili. Kila jukwaa lilipoyumba, kiungo kilichochomelewa kilibeba mzigo ambao hakikuandaliwa kuubeba, mpaka chuma kikachoka na kukatika. Tena hapakuwekwa minyororo ya akiba ambayo ingelidaka daraja baada ya kiungo kukatika. Hivyo, kilipokatika kitu kimoja, hapakubaki cha pili cha kuwaokoa watu.

Kesi ilisikilizwa mjini London na kumalizika mwaka 1997. Pande nne zilipatikana na hatia chini ya Sheria ya Afya na Usalama Kazini ya mwaka 1974. Kampuni ya Sweden iliyojenga daraja ilitozwa faini ya pauni 750,000, na kampuni dada iliyolisanifu pauni 250,000. Shirika la ukaguzi la Lloyd's Register, ambalo lilikuwa limelithibitisha daraja hilo, lilitozwa pauni 500,000, na kampuni ya bandari yenyewe pauni 200,000. Jumla ilikuwa pauni milioni 1.7, kiasi kikubwa mno kwa kosa la namna hiyo wakati ule.

Msikilizaji na atazame vizuri jina la mwisho katika orodha hiyo. Kampuni ya bandari haikuchora ramani ya daraja lile, wala haikuchomelea hata kiungo kimoja. Iliwaita wataalamu, ikawalipa, na juu yao ikaweka mkaguzi mwenye sifa duniani kote. Hata hivyo, mahakama haikuiachia. Fundisho la Ramsgate ni kwamba kazi hukabidhiwa, lakini dhamana haikabidhiwi. Mwenye mahali hubaki na sehemu yake, mkandarasi na yake, mkaguzi na yake, na hakuna anayepunguziwa mzigo kwa sababu mwenzake naye ameubeba.

Faini za kampuni zile mbili za Sweden nazo ziliacha funzo la pili. Kampuni hizo zilikuwa nje ya nchi, na faini zao hazikulipwa. Kwa maneno mengine, mkandarasi anaweza kuja kutoka mbali, akafanya kazi, akaondoka, na sheria ya mahali alipofanyia kazi ikashindwa kumfikia. Kwa hiyo wakati wa kumchunguza mkandarasi ni kabla hajapita langoni.

Ni kwa mtazamo huo ndipo msururu wa masharti anayokutana nayo mkandarasi katika bandari ya feri unapoeleweka. Kwa mgeni, masharti hayo huonekana kama urasimu mtupu. Kwa anayejua chimbuko lake, kila sharti ni jibu la swali liliwahi kuulizwa baada ya msiba.

Sharti la kwanza hutimizwa kabla ya siku ya kazi. Mkandarasi hutakiwa kuwasilisha tathmini ya hatari pamoja na maelezo ya maandishi ya namna kazi itakavyofanywa, hatua kwa hatua. Aidha huonyesha bima yake, vyeti vya mafundi wake na majina ya wote watakaoingia, wakiwamo wa wakandarasi wadogo aliowaajiri yeye mwenyewe. Hapo ndipo udanganyifu hujificha mara nyingi, kwa kuwa kazi hupita mkono hadi mkono, na anayeshika kifaa mwishoni huenda hajawahi kuyaona maelezo yaliyopelekwa bandarini kwa jina lake.

Sharti la pili ni mafunzo ya utangulizi. Kila mfanyakazi, hata akiwa bingwa wa fani yake, huelezwa hatari za bandari ile: njia za kutokea, mahali pa kukusanyikia king'ora kinapolia, namba ya kupiga wakati wa dharura, na sehemu zisizoruhusiwa kukanyagwa. Gati la feri lina hatari ambazo fundi aliyezoea karakana hazijui. Magari mazito hurudi nyuma huku dereva akiona kidogo tu. Kamba ya kufungia meli ikikatika hurudi kwa kasi inayoweza kumuua mtu papo hapo. Mlango wa meli unaposhushwa juu ya daraja la magari, hauchagui aliyesimama chini yake. Kwa sababu hizo huvaliwa kofia ngumu na kizibao chenye kuakisi mwanga, na anayefanya kazi ukingoni mwa maji huvaa jaketi la kuokolea maisha wala hafanyi kazi peke yake.

Sharti la tatu ni hati ya ruhusa ya kazi. Jina hilo lisichanganywe na kibali cha kazi anachopewa mgeni na idara ya uhamiaji. Hii ni karatasi inayotolewa kwa kazi moja, mahali pamoja, kwa saa zilizotajwa, na hutiwa sahihi na anayeitoa na anayeipokea. Hutumika kwa kazi za hatari zaidi, kama vile kuchomelea, kuingia ndani ya tangi, kupanda juu, kugusa mitambo ya umeme au kuzamia. Kabla ya kuchomelea, vitu vinavyoshika moto huondolewa, na baada ya kazi mtu huachwa akilinda mahali hapo kwa muda, kwani cheche inaweza kujificha na kuwaka wakati mafundi wamekwisha kwenda kula. Kabla ya kuingia katika tangi, hewa hupimwa, kwa sababu kutu peke yake inaweza kula oksijeni iliyomo ndani, na mwokozi anayeingia mbio kumfuata mwenzake huanguka kando yake. Kabla mzamiaji hajashuka, rafadha za meli iliyo karibu huzuiwa zisizunguke, na chumba cha kuongozea meli hujulishwa.

Maana kubwa ya hati hiyo ni kuwalazimisha watu wawili wasimame pamoja, waitazame kazi, na waulizane. Karatasi iliyotiwa sahihi ofisini bila mtu kufika gatini ni karatasi tu. Ramsgate ilikuwa na vyeti vyake, na vyeti havikulishikilia daraja.

Hayo ni ya usalama wa kazi. Upo pia upande wa ulinzi, na hapa lugha ya Kiswahili yenyewe inataka uangalifu, maana neno usalama hutumika kwa yote mawili. Usalama wa kazi humkinga mtu dhidi ya ajali isiyokusudiwa. Ulinzi huikinga bandari dhidi ya mwenye nia mbaya. Baada ya mashambulizi ya tarehe 11 Septemba mwaka 2001 nchini Marekani, mataifa yalikutana mwezi Desemba mwaka 2002 katika Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini, lenye makao yake London, na kupitisha Kanuni za Kimataifa za Ulinzi wa Meli na Bandari, ambazo zilianza kutumika tarehe 1 Julai mwaka 2004.

Kwa mujibu wa kanuni hizo, kila bandari inayohudumia meli za abiria na meli kubwa za mizigo ziendazo nchi za nje huwa na mpango wa ulinzi na afisa maalum wa kuusimamia. Ngazi za tahadhari ni tatu. Ya kwanza ni ya siku za kawaida, ya pili ni ya wakati hatari imeongezeka, na ya tatu ni ya wakati shambulio linatarajiwa au limekaribia. Kwa mkandarasi, maana yake ni kitambulisho kinachovaliwa mahali pa kuonekana na kisichoazimwa, gari linaloweza kupekuliwa, na maeneo ambayo haingii bila msindikizaji. Ngazi ikipanda, kazi iliyoruhusiwa asubuhi inaweza kusimamishwa mchana, na fundi hana budi kutii.

Mara nyingine pande hizi mbili huvutana. Ulinzi hutaka mlango ufungwe, na usalama wa kazi hutaka mlango uwe wazi ili watu wakimbie moto. Mvutano huo hautatuliwi na mkandarasi kwa kuweka jiwe mlangoni. Hutatuliwa na wasimamizi wa bandari mapema, kwa mfano kwa mlango usiofunguka kutoka nje ila hufunguka kwa kusukumwa kutoka ndani.

Katika pwani ya Afrika Mashariki, bandari za Mombasa na Dar es Salaam zinahudumia meli za kimataifa, na kwa hiyo ziko chini ya kanuni hizo za ulinzi. Kivuko cha Likoni au cha Kigamboni, ambacho huvusha watu kutoka ng'ambo moja ya mji hadi nyingine, hakisafiri kwenda nchi ya nje, hivyo kanuni hizo hazikukusudiwa kwa ajili yake. Walakini cheche ya moto haijui tofauti ya safari ya ndani na ya nje, na kiungo cha daraja huchoka vilevile. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na Kenya ina yake ya mwaka 2007. Kwa hiyo sheria zipo. Kinachotakiwa ni kwamba fundi aliyeitwa kwa siku moja kurekebisha mlango wa pantoni apewe maelezo na ulinzi uleule anaopewa mwajiriwa wa kudumu.

Adui mkubwa wa kanuni hizi zote ni saa. Feri ina ratiba, abiria wamepanga foleni, magari yamewasha injini, na kila dakika ya kuchelewa ina gharama yake. Katika hali hiyo fundi huambiwa amalize upesi, hati ya ruhusa itaandikwa baadaye. Kanuni njema humpa mtu yeyote, hata kibarua wa mwisho, haki ya kusimamisha kazi anapoona hatari. Lakini haki hiyo huwa tupu iwapo anayeitumia haitwi tena kesho. Bandari inayotaka kujua kama kanuni zake zina uhai na iulize swali hili: ni lini mara ya mwisho kibarua wa mkandarasi alisimamisha kazi, na baada ya hapo alitendewaje?

Baada ya Ramsgate, Waingereza hawakuishia mahakamani. Mwaka 1999 ulitolewa mwongozo maalum wa kununua, kutumia na kutunza madaraja ya kupandia feri, na mwaka 2007 kikafuata kiwango rasmi cha usanifu wake. Huduma ya feri kati ya Ramsgate na Ostend ilikoma mwaka 2013. Abiria wa bandari nyingine wanaendelea kupita juu ya madaraja kama lile, na wengi wao hawajui majina ya waliochomelea viungo vyake wala ya waliovikagua. Hawahitaji kuyajua, mradi tu kila aliyetia sahihi alifika mahali pa kazi, akatazama, na akaelewa kwamba sahihi yake haikumwondolea mwenzake dhamana, wala ya mwenzake haikumwondolea yeye.