Hatua Zisizohesabika

Katika dakika hizi chache twataka kulijibu swali ambalo vijana hutuuliza mara kwa mara: ikiwa mashine siku hizi humshinda binadamu hata katika mchezo wa sataranji, je, sisi tumebakiziwa nini cha kufikiri?

Hebu tuutazame mchezo wenyewe, ule ambao shuleni huitwa chesi. Ubao una vyumba 64 na kete 32. Anayeanza ana hatua 20 tu za kuchagua. Askari wake ni 8, na kila mmoja aweza kusogea chumba kimoja au viwili. Hizo ni 16. Farasi wake wawili wana njia mbili kila mmoja. Mwenzake naye anazo 20. Basi wakiisha kucheza mara moja moja, njia ni 400. Mara ya pili, njia ni 197,281. Mara ya tatu ni 119,060,324, na hapo mchezo haujachangamka bado!

Mwaka 1950 mtaalamu mmoja wa Marekani, Claude Shannon, alikadiria michezo yote iwezekanayo, akichukua mchezo wa hatua 40 kwa kila upande. Alipata 1 yenye sifuri 120 nyuma yake. Tukisema ni mingi kama mchanga wa ufuoni, tumesema kidogo mno. Akaonyesha ya kuwa mashine inayokagua njia milioni moja kila sekunde, ikitaka kuzimaliza zote kabla ya kusogeza kete ya kwanza, ingehitaji miaka ambayo hesabu yake yazidi 1 yenye sifuri 90. Nani angemngoja mpinzani wa namna hiyo?

Naam, mwaka 1997 mashine iitwayo Deep Blue ilimshinda Garry Kasparov, bingwa wa dunia. Iliweza kukagua hali za ubao zipatazo milioni 200 kwa sekunde moja. Lakini hata hiyo haikuzimaliza. Ilitazama hatua kadhaa mbele, ikapima kwa vipimo ilivyowekewa na watu, ikachagua. Hesabu iliyokamilika kwa kila hali na kila jibu ni ya ubao uliobakiwa na kete 7 au pungufu, wafalme wawili wakiwamo. Nayo ilikamilishwa Moscow mwaka 2012. Ubao wa kete 32 hajaumaliza mtu wala mashine.

Kwa hiyo, vijana wetu, mashine huona mbali kuliko sisi, hilo hatulikatai. Lakini inapofungua mchezo, nayo huchagua bila kuuona mwisho, kama afanyavyo mtoto wa darasa la nne.

Jioni ya leo mwenye ubao nyumbani auweke mezani, watoto wazihesabu wenyewe zile hatua 20 za kwanza. Wengi hufika 16 wakanyamaza. Farasi ndio husahauliwa.