Kichupa cha Mugumu



Mmeniita nieleze miaka niliyokaa dirisha la dawa Tarime na Serengeti. Nitaeleza kichupa kimoja tu, cha chanjo ya kichaa cha mbwa.

Kule ni nadra kukuta boma lisilo na mbwa. Usiku analinda ng'ombe, mchana anafuatana na watoto machungani. Akishikwa na kichaa, hao watoto ndio wa kwanza kung'atwa. Jeraha lioshwe kwa maji na sabuni dakika 15, kisha chanjo, bila kungoja. Dalili zikishaanza, hakuna dawa ya kuandika.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza njia nafuu: kuchoma ndani ya ngozi, mililita 0.1 sehemu mbili, siku ya kuanza, kisha baada ya siku 3 na 7. Kwa hesabu hiyo kichupa cha mililita 1 kinatosha watu 5. Kikifunguliwa lakini, kitumike ndani ya saa 6 hadi 8, kinachobaki kinamwagwa. Mwanza mjini watano huenda wakapatikana siku moja. Mugumu, kule Serengeti, anakuja mmoja.

Alikuja mmoja kweli, mtoto wa kiume, nyuma ya bodaboda, kapakatwa na mama yake, shavu la mguu limefungwa kanga. Nikafungua. Jioni nikamwaga mililita 0.8 na kuandika kwenye leja: imeharibika. Mwisho wa robo nikatakiwa kujieleza kwa maandishi. Nilijieleza. (Fomu haikuwa na nafasi ya kuandika kwamba mtoto yuko hai.)

Ndipo nilipoelewa kwamba nafuu iliyopangwa kwa foleni ya mjini humgeukia mtu wa kijijini ikawa hasara, na hasara hiyo huandikwa jina lake.

Jawabu sikulipata kwenye friji yangu, bali kwa mbwa wenyewe. Utafiti uliofanyika Serengeti na Ngorongoro ulionyesha kuwa mbwa mgonjwa huambukiza, kwa wastani, mbwa mmoja na ushei tu. Ugonjwa wa namna hiyo unakatika, mradi asilimia 70 ya mbwa wapate chanjo. Mwaka 2016 ikathibitishwa kwamba chanjo moja ya mbwa hubaki na nguvu miezi 6 kwenye nyuzijoto 25, na miezi 3 kwenye 30. Yaani inaweza kukaa kijijini, mikononi mwa watu wa kijiji, isingoje gari lenye jokofu wala siku ya kampeni.

Wafamasia tumezoea kuona mbwa ni kazi ya idara ya mifugo. Tumekosea, nami nilikosea miaka mingi. Waheshimiwa madiwani mliopo hapa, bajeti ya chanjo ya mbwa isomeni meza moja na bajeti ya dawa za binadamu, na mfamasia wa wilaya awepo.