Nani Alibaki Misheni Ilipokosa Mzungu?

(Mazungumzo ya ofisa wa elimu ya watu wazima na wahitimu wa kisomo, Mahongole)



Leo tuzungumze juu ya watu walioleta dini na kitabu huku kwetu. Je, nani hasa alijitoa?

Wamisionari wa Kijerumani, Walutheri wa Berlin, walifika kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1891. Kutoka huko walipanda Ukinga, halafu wakafika Ubena. Wakajenga Kidugala, Lupembe, Yakobi na Ilembula. Maisha yalikuwa magumu. Homa iliua wengi katika nchi hizi, na wengine waliuawa kwa silaha. Tarehe 14 Agosti 1905, wakati wa Vita ya Majimaji, Askofu Cassian Spiss wa Wabenediktini aliuawa pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Walikuwa safarini kutoka Kilwa kwenda Peramiho. Mwezi uliofuata misheni ya Yakobi, hapa Njombe, ilishambuliwa.

Lakini tuseme kweli yote. Wananchi hawakupigana bila sababu. Walichoshwa na kodi na kazi za kulazimishwa, na mmisionari walimwona ni ndugu yake mtawala. Katika vita hiyo Wajerumani walichoma vyakula, na watu wengi sana wakafa kwa njaa. Mwenyeji aliyebatizwa alibanwa pande zote mbili.

Sasa sikilizeni jambo ambalo halisemwi sana. Mwaka 1916 jeshi la Waingereza liliingia Njombe. Wamisionari wa Kijerumani wakakamatwa, wakapelekwa mbali. Hawakuruhusiwa kurudi mpaka karibu mwaka 1925. Wamisionari wa Kiskoti wa Livingstonia, katika Malawi ya leo, walisaidia kuangalia kazi, lakini walikuwa wachache na nchi ni kubwa.

Je, misheni ilikufa? Haikufa! Nani aliishika? Ni walimu wenyeji. Ni baba na babu zetu, watu waliojifunza kusoma kwa kibao cha kuandikia. Fedha kutoka Ulaya zilikatika. Vijana walichukuliwa kuwa wapagazi wa vita. Mwaka 1918 jeshi la Lettow-Vorbeck lilipita hapa Ubena, likaacha wagonjwa wake. Hata hivyo, mwalimu wa kijiji alilima shamba lake, akakusanya watoto akawafundisha, akaongoza sala, akazika wafu. Mwaka 1939 vita ilipoanza tena, Wajerumani walikamatwa tena. Walutheri wa Marekani na Sweden walikuja kusaidia, lakini huko vijijini mwalimu alikuwa yule yule mwenyeji. Mwaka 1963, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania lilipoundwa, lilisimama juu ya mabega ya watu hao.

Ndugu zangu, majina ya Wazungu yameandikwa vitabuni. Je, majina ya walimu wetu yako wapi? Mengi yako katika vichwa vya wazee tu. Mzee akifa, jina nalo linazikwa. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi nawaomba mambo mawili.

La kwanza: chukueni daftari. Nendeni kwa bibi na babu, muulizeni: nani alifundisha hapa? Alitoka wapi? Alilipwa nini? Kaburi lake liko wapi? Andikeni, hata kama mwandiko si mzuri. Msiseme, "Mimi nimesoma kisomo tu." Hata wale walimu wa zamani wengi hawakusoma zaidi yenu.

La pili: darasa lisife mwalimu akihama. Siku moja mimi pia nitahamishwa. Je, mtafunga mlango? Kila mmoja wenu ajitwalie jirani mmoja asiyejua kusoma, amfundishe jioni baada ya shamba. Mwalimu mgeni huja na kuondoka. Kazi hubaki mikononi mwa mwenyeji aliyefundishwa.

Elimu haina mwisho.