Mbolea ya Shambani Inapofika Bwawani

Msikilizaji, Mto Ngerengere hushuka kutoka Milima ya Uluguru hadi Bwawa la Mindu, tegemeo la maji la mji wa Morogoro. Mvua ikinyesha, mto hubeba udongo na mbolea. Mbolea hustawisha mwani, maji yakageuka kijani. Mwani ukifa, bakteria huuozesha na kumaliza oksijeni; alfajiri utaona perege wakihema juu ya maji. Samaki wakifa, mvuvi na mnandi wote hukosa kitoweo.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au bwawa. Mkulima, iache nafasi hiyo iote majani na miti. Nawe mfugaji wa samaki, usimwage bwawani vifaranga vya perege wageni: huweza kuzaana na perege wa asili na kupoteza mbegu yao.