Vikombe Vidogo kwenye Vitawi vya Misonobari



Tumeombwa tuzungumze juu ya uyoga ambao wengi huupita bila kuuona. Upana wake ni milimita chache tu. Nje una vinyweleo vyeupe, ndani una rangi ya chungwa, nao hukaa kwenye gome kama kikombe. Jamii yake inaitwa Lachnellula.

Huko Ulaya upo mti uitwao Larix, wa jamii ya misonobari, ila hupukutisha majani yote kila majira ya baridi. Juu yake huota aina mbili zinazofanana kama pacha. Lachnellula occidentalis hula vitawi vilivyokwisha kufa, haina neno. Lachnellula willkommii huingia katika gome la tawi lililo hai na kufanya kidonda kinachobonyea, utomvu ukatoka. Miti michanga huweza kufa. Ugonjwa huo ulionekana Massachusetts, Marekani, mwaka 1927, na miti iliyougua ikaondolewa. Hata hivyo mwaka 1980 uligunduliwa mashariki mwa Kanada, na mwaka 1981 katika jimbo la Maine.

Anayewachanganya pacha hawa ama atakata miti mizima bure, ama ataacha ugonjwa uenee. Na hasara ya miti tunaijua: hapa Afrika Mashariki upandaji wa msindano aina ya Pinus radiata uliachwa katika miaka ya 1960 kwa sababu ya kuvu wa sindano, Dothistroma. (Huyo hana vikombe, msimtafute kwa njia hii.)

Basi tunauliza kwanza: ni mti gani? Kitawi kilikuwa hai au kimekufa? Pana kidonda, na vikombe vimekaa ukingoni mwake? Rangi peke yake sisi hatuiamini. Tena aina mbaya nayo huweza kuonekana kwenye tawi lililokufa, kwa hiyo neno la mwisho ni la hadubini. Ndani ya kikombe mna vifuko virefu vyenye spora 8 kila kimoja, na spora za willkommii ni kubwa zaidi.

Anayetuma sampuli asitumie mfuko wa plastiki, itaoza. Atumie bahasha ya karatasi, aandike jina la mti, mahali na tarehe. Kikombe kikikauka hujifunga, yakabaki manyoya meupe tu; tone la maji hukifungua tena.