Mabati Yaliyofika Baada ya Mazishi
(Neno lililotolewa mbele ya kamati za diakonia za sharika zetu, Kagera)



Zaburi ya 90 tumezoea kuisoma makaburini. Ni sala ya Musa, nayo inaitaja miaka yetu kuwa sabini, na mtu akijaliwa nguvu, themanini. Tangu tuanze kuwatembelea wazee majumbani, tumejifunza kuisoma kando ya kitanda cha mtu aliye hai.

Wazee wetu wengi hawakupata kupumzika. Ni katika mkoa huu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa, mwaka 1983. Miaka iliyofuata, bibi na babu walizika watoto wao, kisha wakaanza upya kulea wajukuu. Leo wajukuu wale ni watu wazima, wengine wako Mwanza na Dar es Salaam, na mlezi amebaki na paa linalovuja na miguu isiyomfikisha kisimani.

Tuna jambo la kuungama. Mzee mmoja alituomba mabati matatu na godoro. Tuliliandika ombi lake vizuri daftarini, likasubiri kikao cha robo mwaka. Kikao kikaahirishwa, akidi haikutimia. Kilichofuata kikasema tungoje bajeti. Mvua za vuli zikaanza. Mabati yalipofika tuliwakabidhi wafiwa. Hakuna aliyekula fedha, hesabu zilikuwa safi kabisa. Tulichokula ni siku zake, na hazikuwa nyingi.

Kwa hiyo tunaziomba kamati zitenge mfuko mdogo ambao wajumbe wawili wanaweza kuutumia siku hiyo hiyo, taarifa ikafuata kikaoni. Ndugu wafadhili, msishangae mkiona risiti ndogo ndogo za sabuni, uji na nauli ya pikipiki kwenda zahanati. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilizungumzia matibabu bila malipo kwa wazee wasiojiweza wa miaka 60 na zaidi, lakini sera haimbebi mtu mpaka dirisha la dawa. (Na wengi wetu tuliomo ukumbini humu tumeshaivuka hiyo 60, tusijifiche.)

Jumamosi hii tunaanza na nyumba nne. Njooni na majembe na ndoo. Mmoja wetu aje na wembe mpya, kuna babu ameomba anyolewe kabla ya ibada ya Jumapili.